Lugha Iliyopewa Kazi: Mhadhara kuhusu Historia na Mila za Welisi

Si kila siku ukumbi wa namna hii hutolewa kwa ajili ya nchi ndogo ya mbali isiyo na jeshi lake wala sarafu yake.

Nchi yenyewe ni Welisi, ile ambayo ramani za Kiingereza huiita Wales. Ni nchi ya milima na mabonde upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, na kwa sensa ya 2021 ina watu milioni 3.1. Mtawala wake mkuu wa mwisho aliyetambuliwa na mfalme wa Uingereza aliuawa 1282. Katika karne ya 16 iliunganishwa na Uingereza kwa sheria, na hadi 1955 haikuwa na mji mkuu uliotambuliwa rasmi, ndipo Cardiff ikapewa hadhi hiyo. Lugha iliyobanwa kiasi hicho, tena jirani mlangoni akiwa Kiingereza, ilitazamiwa iwe imezikwa zamani. Lakini katika sensa hiyo hiyo watu wapatao 538,000 walisema wanazungumza Kiwelisi.

Ilikuwaje? Jibu linalozoeleka ni uzalendo: Wawelisi waliipenda lugha yao, basi ikadumu. Mhadhara huu unaliona jibu hilo kuwa jepesi mno. Zipo lugha nyingi zilizopendwa hadi siku zilipokufa. Kusudi la jioni hii ni kuonyesha kwamba Kiwelisi, pamoja na mila zilizokizunguka, kilidumu pale kilipokuwa na kazi ya kufanya, na kilirudi nyuma kila kiliponyang'anywa kazi hiyo. Hoja ni tano. Hazilingani urefu, na ya tatu itachukua muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu ina mashairi ndani yake.

Hoja ya kwanza: kazi ya kwanza ilikuwa sheria

Wawelisi humkumbuka mfalme mmoja kwa jina la Hywel Dda, yaani Hywel Mwema, aliyefariki mnamo 950 akiwa ametawala sehemu kubwa ya nchi. Jina lake limefungamana na mkusanyo wa sheria uliotumika kwa karne nyingi baada yake. Nakala zilizobaki ni za karne ya 13 na kuendelea, chache kwa Kilatini na nyingi kwa Kiwelisi, kwa hiyo si kila kifungu kilitoka kinywani mwake. Lililo muhimu ni kwamba hakimu, mlalamikaji na mshtakiwa waliweza kubishana juu ya ardhi, ndoa na damu kwa lugha waliyozungumza nyumbani.

Sheria hizo hazikupuuza hata paka. Kitoto cha paka ambacho hakijafumbua macho kilithaminiwa peni moja. Kikishafumbua macho, peni mbili. Kikianza kuua panya, peni nne. Aliyeua au kuiba paka wa kulinda ghala la mfalme alikuwa na fidia ya aina yake: paka huyo alining'inizwa kwa mkia juu ya sakafu safi, kichwa kikigusa chini, kisha nafaka ikamwagwa juu yake hadi ncha ya mkia isionekane. Nafaka yote hiyo ndiyo iliyokuwa malipo. Wanasheria mlio ukumbini mtakubali kwamba kipimo hicho hakihitaji mizani wala shahidi mtaalamu.

Mwanamke aliyekaa katika ndoa miaka saba, wakiachana, alikuwa na haki ya nusu ya mali. Tena aliweza kumwacha mume bila kupoteza chake kwa sababu maalumu, na mojawapo ilikuwa harufu mbaya ya kinywa. (Upande wa wanaume umenyamaza ghafla.)

Tarehe 11 Desemba 1282 Llywelyn ap Gruffudd, mtawala mkuu wa Welisi, aliuawa karibu na Cilmeri, na kichwa chake kikapelekwa London kuonyeshwa watu. Mfalme Edward wa Kwanza akajenga ngome za Conwy, Caernarfon, Harlech na Beaumaris, ambazo leo ziko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO na huuzia watalii tiketi. Kwa Amri ya Rhuddlan ya 1284, makosa ya jinai yakahamia kwenye sheria ya Kiingereza, ingawa mambo mengi ya madai yaliachwa yaendelee kwa sheria ya Hywel.

Palitokea jaribio moja kubwa la kuirudisha dola. Owain Glyndŵr aliasi 1400, akaitisha bunge Machynlleth 1404, na 1406 akamwandikia barua mfalme Charles wa Sita wa Ufaransa akieleza mipango yake. Katika barua hiyo, katikati ya vita, aliomba vyuo vikuu viwili, kimoja kaskazini na kimoja kusini. Alishindwa, akatoweka, na kaburi lake halijulikani. Chuo kikuu cha kwanza nchini humo kilifungua milango Aberystwyth mwaka 1872.

Hoja ya pili: mahakama ilipofungwa, kanisa lilifunguliwa

Mwaka 1485 Henry Tudor, aliyezaliwa katika ngome ya Pembroke na mwenye asili ya Kiwelisi kwa upande wa baba, alishinda vita vya Bosworth akawa mfalme wa Uingereza. Washairi wa Welisi walishangilia kana kwamba ushindi ni wao. Mwanawe, Henry wa Nane, ndiye aliyepitisha sheria ya 1536 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama za Welisi, na kumnyima cheo cha serikali mtu asiyetumia Kiingereza. Kazi ya kwanza ikawa imekwisha.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga kwa nia ya kuiokoa lugha. Serikali ya Malkia Elizabeth iliogopa kwamba Wawelisi wasioelewa ibada ya Kiingereza wangebaki Wakatoliki. Kwa hiyo sheria ya 1563 iliamuru Biblia na kitabu cha sala vifasiriwe kwa Kiwelisi, na kuagiza nakala ya Kiingereza iwekwe kando kanisani ili watu walinganishe na kujifunza Kiingereza humo humo. Agano Jipya lilitoka 1567, kazi kubwa ikiwa ya William Salesbury. Biblia nzima ilitoka 1588 kwa mkono wa William Morgan, kasisi wa parokia ya Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Morgan alikuwa msomi wa Kiebrania na Kigiriki aliyeyajua pia mashairi ya kale ya kwao. Hakufasiri kwa lugha ya kitongoji chake. Alichagua Kiwelisi kilichopimwa na washairi kwa karne kadhaa. Hivyo nchi isiyo na mahakama yake ikapata lugha sanifu inayosomwa kwa sauti kila Jumapili, kaskazini hadi kusini.

Karne ya 18 ikaleta wasomaji. Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror, alianzisha shule zilizohama: mwalimu alikaa kijijini miezi mitatu, hasa majira ya baridi kazi za shamba zilipopungua, akafundisha kusoma Biblia tu, kwa Kiwelisi, watoto na watu wazima, kisha akahamia kijiji kingine. Hadi kifo chake 1761, inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepita katika shule hizo, na nchi nzima wakati huo haikufikisha watu nusu milioni.

Hapa pana uzi unaofika hadi kwetu. Mwaka 1800 msichana wa miaka 15, Mary Jones, alitembea kilomita zipatazo 40 kwenda Bala kununua Biblia kwa mhubiri Thomas Charles, baada ya kuweka akiba kwa miaka. Charles alikuwa mmoja wa waliopigania kuundwa kwa Chama cha Biblia cha Uingereza na cha Nchi za Nje, London 1804, na kisa cha binti huyo kikawa sehemu ya simulizi ya chama hicho. Mwishoni mwa karne ya 19 chama hicho hicho kilichapisha Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja yaliyofasiriwa na Askofu Edward Steere na wenzake.

Hoja ya tatu: mashairi yalifanywa mashindano

Washairi mlikuwa mnaisubiri hii. Mwaka 1176, ndani ya ngome ya Cardigan, Bwana Rhys ap Gruffydd aliandaa mashindano ya mashairi na muziki yaliyotangazwa mwaka mzima kabla, Welisi, Uingereza, Scotland na Ireland. Washindi walipewa viti viwili, kimoja cha ushairi na kimoja cha muziki. Mikutano ya namna hiyo huitwa eisteddfod, na kiti kingali zawadi hadi leo.

Shairi linaloshindania kiti lazima lifuate kanuni iitwayo cynghanedd. Kwa ufupi, konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari hurudi kwa mfuatano ule ule katika nusu ya pili, huku vokali zikibadilika. Aina nyingine za kanuni hiyo huongeza kina cha ndani. Mshairi wa Kiswahili aliyezoea kugawa mshororo katika ukwapi na utao, akihesabu mizani kwa vidole, ataielewa nidhamu hii upesi kuliko profesa wa fasihi ya Kiingereza.

Sasa aingie mlaghai. Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg, alikuwa mwashi wa mawe kutoka kusini, mtaalamu wa kweli wa maandishi ya kale, na mtumiaji wa dawa ya afyuni. Alipokosa maandishi aliyoyatafuta, aliyatunga mwenyewe na kuwavisha marehemu. Mnamo Juni 1792, juu ya kilima cha Primrose Hill, London, alipanga mawe kwa duara na kuendesha ibada ya baraza la washairi aliloliita Gorsedd, akidai ni urithi usiokatika tangu enzi za makuhani wa kale walioitwa druidi. Mwaka 1819, Carmarthen, alifaulu kuibandika ibada hiyo kwenye eisteddfod. Wanazuoni wa karne ya 20 walichambua makaratasi yake wakaonyesha kipi ni cha kale na kipi ni chake. Kwa kweli hakuna jambo la aibu hapo kwa Wawelisi wa leo: wanajua ibada na mawe ni ya mwashi wa karne ya 18, na wanaviendeleza vilevile. Kilicho halisi ni ushindani, maana shairi bovu halipati kiti hata likisomwa na mtu wa kanzu nyeupe.

Eisteddfod ya Taifa, ambayo huhesabu mwanzo wake Aberdare 1861, hufanyika kila Agosti na kuhama mwaka hadi mwaka, kaskazini kisha kusini. Siku ya kiti, mshindi yupo katikati ya umati na jirani zake hawajui, kwa sababu shairi limeletwa kwa jina la bandia. Majaji wanatoa maoni yao, wakali kama majaji wote. Kiongozi wa Gorsedd analiita jina lile, tarumbeta zinapigwa, mtu mmoja anasimama kati ya maelfu na taa inamtafuta. Akishafikishwa jukwaani, upanga mkubwa unachomolewa nusu juu ya kichwa chake, na kiongozi anauliza umati kama kuna amani. Umati unajibu kwamba ipo. Swali linaulizwa mara tatu, kisha upanga unarudishwa alani na mshairi anaketi.

Mwaka 1917 kiti kilibaki kitupu. Ellis Humphrey Evans, mtoto wa wafugaji wa kondoo katika shamba la Yr Ysgwrn, Trawsfynydd, aliandika kwa jina la Hedd Wyn. Aliingizwa jeshini 1917 akalituma shairi lake kutoka Ufaransa. Tarehe 31 Julai 1917, siku ya kwanza ya mapigano ya Passchendaele huko Ubelgiji, aliuawa. Tarehe 6 Septemba eisteddfod ilifanyika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, na Waziri Mkuu David Lloyd George, aliyekulia katika Kiwelisi, alikuwepo. Jina la bandia likaitwa, tarumbeta zikalia, hakuna aliyesimama. Ikatangazwa kwamba mshindi ameuawa vitani wiki chache zilizopita, na kiti kikafunikwa kitambaa cheusi mbele ya umati. Aliyekichonga kiti hicho ni Eugeen Vanfleteren, mkimbizi kutoka Ubelgiji. Leo kiko Yr Ysgwrn, na wageni hukaribishwa kukiona.

Kujibizana kwa mashairi hakukuwa kwa jukwaa kubwa pekee. Katika vijiji vya kusini, kati ya Krismasi na mwaka mpya, kundi la wanaume lilizunguka na Mari Lwyd: fuvu la farasi juu ya mti, macho ya vigae vya chupa, masikio ya kitambaa, shuka jeupe likimfunika anayelibeba na kamba ya kufungua na kufunga taya. Mlango ulibaki umefungwa. Walio nje waliimba ubeti wa kejeli wakiomba kuingia, walio ndani wakajibu kwa ubeti wa kukataa, na mchuano uliendelea hadi upande mmoja uishiwe maneno. Kwa kawaida wenye nyumba ndio walioishiwa, kwa sababu bia ilikuwa tayari mezani. Mila hiyo ilififia karne iliyopita, na sasa imefufuliwa katika miji kadhaa.

Hoja ya nne: makaa ya mawe yalileta pande mbili

Viwanda vya chuma vya Merthyr Tydfil, kisha migodi ya makaa ya mabonde ya Rhondda na jirani zake, viliwavuta watu kwa mamia ya maelfu. Wako wanahistoria, akiwemo mwanauchumi Brinley Thomas, waliosema kwamba viwanda ndivyo vilivyokiokoa Kiwelisi: wakulima maskini wa Ireland walipanda meli kwenda Marekani, lakini wa Welisi wengi waliweza kuhamia bonde la pili na kubaki na lugha yao. Takwimu zinawapa nguvu. Sensa ya 1911 ilihesabu wasemaji 977,000 hivi, idadi kubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa. Lakini mwaka huo huo walikuwa asilimia 43.5 tu, kwa sababu bandari na migodi iliwaleta pia Waingereza, Waairishi, Wasomali na Wayemeni.

Mabonde hayo yaliunda mila ambazo mgeni leo hudhani ni za kale: kwaya za wanaume, kumbi za wachimbaji zenye maktaba zilizolipiwa kwa makato ya mshahara, na raga. Tarehe 16 Desemba 1905, pale Cardiff, baada ya wachezaji wa New Zealand kucheza ngoma yao iitwayo haka, wachezaji wa Welisi waliitikia kwa wimbo uliotungwa Pontypridd 1856, uwanja mzima ukaupokea. Welisi ilishinda 3 kwa 0, na wimbo ukawa wa taifa bila sheria yoyote kupitishwa.

Bei ilikuwa kubwa. Mlipuko wa mgodi wa Senghenydd, 14 Oktoba 1913, uliua wachimbaji 439. Na tarehe 21 Oktoba 1966, Aberfan, kifusi cha mgodi kilichorundikwa mlimani juu ya chemchemi kiliporomokea shule asubuhi na kuua watu 144, kati yao watoto 116. Kutoka migodi hiyo hiyo ulitoka mfuko wa matibabu wa wafanyakazi wa Tredegar, ambao Aneurin Bevan, mwana wa mchimbaji wa mji huo, aliuchukua kama mfano alipoanzisha huduma ya afya ya taifa ya Uingereza mwaka 1948. Migodi ilipofungwa, Kiwelisi kilipoteza mahali pengine pa kazi.

Hoja ya tano: aibu ilifundishwa shuleni, na huko huko ikaondolewa

Mwaka 1847 makamishna watatu Waingereza, wote wasiojua Kiwelisi, walitoa ripoti kuhusu elimu iliyowashutumu watu wa Welisi kwa ujinga na tabia mbaya, lugha yao ikitajwa miongoni mwa sababu. Katika baadhi ya shule za karne hiyo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha ubao shingoni. Alikivua kwa kumkamata mwenzake akisema lugha hiyo, na aliyebaki nacho jioni alichapwa. Haikuwa amri ya serikali. Walimu walikitumia, mara nyingine kwa ridhaa ya wazazi. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o wanakijua kibao hicho, kwa kuwa ameeleza kingine kama hicho katika shule za Kenya ya kikoloni.

Wapo pia walioficha asili yao, akiwemo Mwelisi mmoja ambaye pwani ya Afrika Mashariki haikumsahau. John Rowlands alizaliwa Denbigh 1841 nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakimbilia Marekani, akajiita Henry Morton Stanley na kuficha alikotoka. Ndiye aliyefika Ujiji 1871 na msafara wa wapagazi kutoka Bagamoyo, na baadaye akamfungulia Mfalme Leopold wa Ubelgiji njia ya Kongo. Sanamu yake Denbigh ilizua ubishi mkali hata wakazi wakapiga kura 2021, na wengi wa waliopiga wakataka ibaki.

Kugeuka kwa upepo kulianza na mambo madogo. Kuanzia 1952 Eileen na Trefor Beasley wa Llangennech walikataa kulipa kodi ya nyumba mpaka waletewe hati kwa Kiwelisi. Madalali wa mahakama walibeba samani zao mara kwa mara, piano ikiwemo, na hati ilipatikana 1960. Wakati huo Bunge la London lilikuwa limepitisha, 1957, mpango wa kulizamisha bonde la Tryweryn ili Liverpool ipate maji, ingawa karibu wabunge wote wa Welisi waliukataa au walijizuia kupiga kura. Kijiji cha Capel Celyn, pamoja na shule, kanisa na makaburi yake, kilimezwa na bwawa 1965.

Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa mhadhara redioni akitabiri kwamba Kiwelisi kingekufa mapema karne ya 21 mwenendo usipobadilika, na akawataja akina Beasley kuwa mfano wa kufuata. (Waandalizi wa mihadhara wajipe moyo: mmoja angalau ulisikilizwa.) Mwaka huo huo vijana wakaunda Chama cha Lugha ya Kiwelisi. Wakaziba daraja, wakang'oa vibao vya barabara, wakafungwa jela. Mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans alitangaza atafunga kula hadi kufa serikali isipotimiza ahadi ya televisheni ya Kiwelisi. Serikali ilikubali kabla hajaanza, na stesheni ya S4C ikaingia hewani Novemba 1982. Shule ya kwanza ya msingi ya kufundisha kwa Kiwelisi mjini Aberystwyth, 1939, ilikuwa na wanafunzi saba. Leo shule hizo ziko mamia, na wengi wa watoto wanaojaza madarasa yake katika eneo la Cardiff wanatoka nyumba zinazozungumza Kiingereza.

Yaliyo mbele

Kura ya maoni ya 1997 kuhusu kuipa Welisi bunge lake ilipita kwa tofauti ya kura 6,721, na bunge likazaliwa Cardiff. Sasa linaitwa Senedd, na sheria imeongeza wajumbe wake kutoka 60 hadi 96 kuanzia uchaguzi wa 2026. Serikali ya huko imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja kufikia 2050. Sensa ya 2021 haikuwapa faraja: asilimia 17.8, chini kuliko sensa iliyotangulia. Katika vijiji vya kaskazini-magharibi, ambako Kiwelisi bado ni lugha ya dukani na zizini, nyumba hununuliwa na watu wa mbali kwa ajili ya likizo, na vijana hukosa pa kukaa. Shule zinaweza kuzalisha wasemaji. Swali gumu ni wasemaji hao watakitumia wapi wakishatoka darasani, iwe ni kazini au kwenye simu. Sensa ijayo itaonyesha kama lengo la wasemaji milioni moja linakaribia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda uliobaki ni wa maswali. Washairi wameahidi kuanza, na mmoja wao amekwisha kunyanyua mkono tangu ilipotajwa cynghanedd. Inafaa apewe kipaza sauti yeye kwanza.